Kiazi hakina hatia: chakula cha shamba letu na maumivu ya viungo

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wakazi wa Kuresoi Kusini. Tunayachapisha kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.

 

Nianze kwa kusema wazi kwamba mimi si daktari. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu katika kaunti ni kuuliza, kusoma, na kuwaletea yale mliyo na haki ya kuyajua. Leo nimeleta habari ya magoti, viuno na vidole vinavyouma, na ya chakula tunachoambiwa kwamba kinaponya au kinaua.

Nina sababu ya kuileta. Shangazi yangu amelima viazi maisha yake yote. Miaka kadhaa iliyopita alianza kuamka na vidole vilivyovimba na kukakamaa. Kikombe cha chai alikishika kwa viganja viwili. Ikifika saa nne vidole vinalegea kidogo, anachukua jembe. Majirani wakamwambia ni baridi ya huku juu, akajifunga vitambaa mikononi. Baadaye mtu mwingine akamwambia kinachomuumiza ni viazi: aache viazi, aache nyanya, aache managu, na maharagwe pia. Hebu fikirieni, mama wa Kuresoi anaambiwa aache viazi, managu na maharagwe. Abaki na nini? Alibaki na ugali na chai, akakonda.

Kisha akauziwa unga, akaambiwa ni mizizi mitupu. Kwa siku tatu maumivu yakaisha kabisa, tukashangilia. Baada ya miezi michache uso wake ukajaa, ukawa mviringo kama sahani, nasi tukasema shangazi amenona. Ilipita miaka miwili kabla hajafika mbele ya daktari. Vidole viwili vilikuwa vimeshapinda, na havitanyooka tena.

Sikuja kumlaumu jirani yeyote. Wa kulaumiwa wa kwanza ni mimi. Kazi yangu ni kuuliza, na kwa shangazi yangu sikuuliza. Leo nawaletea majibu ya maswali ambayo ningepaswa kuuliza wakati ule.

Jina linalotupoteza

Swali la kwanza: je, ni baridi? Ugonjwa huu kwa Kiswahili huitwa baridi yabisi, jina lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ni baridi na ukavu. Matabibu wa zamani waliamini kwamba mwili huongozwa na joto, baridi, unyevu na ukavu, wakaupa ugonjwa jina la hali waliyodhani imeuleta. Sisi tunaoishi zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari jina hili tumelipokea bila shaka lolote. Kweli, kiungo kinachouma kinaweza kuuma zaidi siku ya baridi. Lakini wagonjwa wa viungo wako hata Mombasa kwenye joto. Blanketi ni zuri, ila halitibu.

Swali la pili: ni ugonjwa gani hasa? Chini ya jina hilo moja tunafunika magonjwa mengi, na kila moja lina njia yake. Nitataja manne.

Kuna kuchakaa kwa kiungo. Gegedu, ile nyama ngumu laini inayokinga ncha za mifupa, inaisha polepole. Huwapata zaidi wenye umri mkubwa, wenye uzito mwingi, na waliobeba mizigo mizito miaka mingi. Magoti na nyonga ndivyo hulia kwanza.

Kuna baridi yabisi yenyewe, ile madaktari huiita rumatoidi. Hapa kinga ya mwili, askari wetu wa ndani, inakosea na kushambulia utando laini ulio ndani ya kiungo. Mara nyingi vidole vya mikono yote miwili huvimba pamoja, na asubuhi vinakakamaa kwa nusu saa, saa nzima au zaidi. Wanawake huipata mara mbili au tatu kuliko wanaume. Hii ndiyo ya shangazi yangu.

Kuna jongo. Asidi ya yuriki ikizidi katika damu, hugeuka fuwele kama sindano ndogo ndani ya kiungo. Mtu hulala mzima, akaamshwa usiku na kidole gumba cha mguu kinachowaka moto.

Na kuna homa ya baridi yabisi ya watoto, hasa wa miaka 5 hadi 15. Mtoto anaumwa koo, koo linapona, na wiki mbili tatu baadaye anapata homa na maumivu yanayohama: leo goti, kesho kifundo. Viungo hupona, lakini vali za moyo zinaweza kubaki zimeharibika. Mzazi, ukiona hivyo usitafute jani. Mpeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo. Kinga yake ni sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne, kwa miaka.

Hapo mnaona kwa nini ushauri wa aina moja kwa kila anayeumwa viungo ni ushauri wa hatari.

Kesi ya kiazi

Sasa tuje kwenye kiazi, maana hapa kwetu kiazi ni karo ya shule.

Wazo kwamba viazi huleta maumivu ya viungo lilienezwa sana na Norman Childers, profesa wa kilimo cha bustani katika chuo kikuu cha Rutgers huko Marekani, katika miaka ya 1970. Kiazi, nyanya, biringanya, pilipili na managu ni ndugu wa ukoo mmoja wa mimea. Ukoo huo hutengeneza sumu za kujikinga, na ile ya kiazi inaitwa solanini. Childers mwenyewe aliumwa viungo. Aliwauliza watu waliojitolea kuacha vyakula hivyo, na wengi walisema wamepata nafuu. Tatizo ni kwamba hapakuwa na kundi la pili la kulinganisha nao. Magonjwa ya viungo hupanda na kushuka yenyewe, na mtu aliyejinyima kwa matumaini huwa tayari kuona nafuu. Ushahidi thabiti kwamba kiazi kilichopikwa huharibu viungo haujapatikana mpaka leo.

Solanini yenyewe ni ya kweli, na iko mahali tunapoweza kuiona: katika kiazi kilichogeuka kijani kwa kupigwa na jua, na katika machipukizi. Ikizidi huleta kutapika na kuumwa tumbo. Wakulima wa Shangi mnajua jinsi aina hii inavyochipua upesi. Basi hifadhi viazi gizani, penye hewa. Chenye rangi ya kijani kisiingie sufuriani, na kisipelekwe sokoni kwa mtoto wa mwenzako. Kile kizuri, kula.

Maharagwe nayo yameshtakiwa, hasa kwa wenye jongo, kwa sababu yana purini, ambayo mwili huigeuza kuwa asidi ya yuriki. Mwaka 2004 Hyon Choi na wenzake wa Boston walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanaume 47,150 kwa miaka 12. Waliokula nyama nyingi na vyakula vya baharini vingi walipata jongo zaidi. Mboga na kunde zenye purini hazikuongeza hatari. Waliokunywa maziwa walipata jongo kwa uchache. Katika utafiti mwingine wa mwaka huo huo, bia ilikuwa mbaya kuliko vileo vyote, ikifuatwa na pombe kali. Kwa hiyo baba mwenye jongo asimnyang'anye mama githeri. Aitazame nyama choma na chupa iliyo kando yake.

Mmea hauna miguu

Kama mimea mingine hailaumiwi, mingine inasifiwa kupita kiasi. Tangawizi, manjano, chai ya kijani, vidonge vya kila rangi. Kuna ukweli gani ndani yake?

Mkulima wa pareto anaweza kutufundisha. Mmea hauna miguu ya kukimbia mdudu wala mikono ya kujifunika jua. Hivyo hutengeneza kemikali zake. Ua la pareto lina dawa ya kuua wadudu, na ndiyo tunayoiuza. Uchungu wa chai, rangi ya manjano, ukali wa tangawizi, weusi wa managu iliyoiva: vyote hivyo ni kemikali ambazo mmea ulijitengenezea wenyewe. Kundi kubwa kati ya hizo linaitwa polifenoli. Katika maabara, nyingi kati yake hupunguza ishara ambazo seli hutumiana ili kuanzisha uvimbe. Hapo ndipo sifa zilipoanzia.

Lakini seli katika kisahani cha maabara si goti la mama anayepanda mlima na mtungi. Chukua manjano. Kemikali yake kuu, kakumini, ni sehemu ndogo tu ya ule unga, kama gramu tatu katika gramu 100. Ukiila, nyingi haivuki utumbo kuingia katika damu. Mwaka 1998 watafiti wa Bengaluru, India, walionyesha kwamba ikichanganywa na kemikali ya pilipili manga, kiasi kinachofika katika damu huongezeka mara 20. Wauza vidonge wakalichukua wazo hilo. Sasa katika nchi kadhaa madaktari wameandika habari za watu walioharibika ini baada ya kumeza vidonge vikali vya manjano. Manjano katika mchuzi haina neno. Kidonge kilichokolezwa ni kitu kingine, na daktari wako anapaswa kukijua.

Au chukua chai, zao la ndugu zetu wa Kiptagich. Jani bichi lina katekini. Tunapolichachusha kuwa chai nyeusi, nyingi hugeuka kuwa kemikali nyingine zinazoipa rangi. Mwaka 2011 watafiti wa chai wa Kericho walitoa aina ya TRFK 306, chai ya zambarau, yenye anthosiyanini, rangi ile ile ya zabibu nyeusi. Ni kinywaji kizuri na ni zao lenye matumaini. Bado si dawa ya baridi yabisi, na asiwepo mtu wa kuwauzia kama dawa. Na jambo moja zaidi kuhusu chai: ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma kutoka kwenye mboga. Wagonjwa wengi wa baridi yabisi wana upungufu wa damu. Kula kwanza, chai ingoje kama saa moja.

Na thabai, ambayo Wakipsigis huiita siwot? Wako wazee wanaojichapa nayo magotini, na vijana huwacheka. Msiwacheke sana. Huko Plymouth, Uingereza, matokeo yaliyotolewa mwaka 2000 yalihusu watu 27 wenye maumivu ya shina la kidole gumba. Walipakwa jani la binamu wa thabai yetu kwa wiki moja, na maumivu yakapungua kuliko walipopakwa jani lisilowasha. Ni watu wachache na wiki moja tu, kwa hiyo tusijenge hospitali juu yake. Mimi nasema thabai tuile, katika mukimo au kama mboga. Moto huondoa muwasho, na jani lina chuma na kalisi.

Nguvu iko katika sahani nzima

Mwaka 1991 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Norwe. Wagonjwa 27 wa baridi yabisi walifunga kwa muda mfupi, kisha wakala vyakula vya mimea kwa mwaka, na wakalinganishwa na 26 walioendelea na chakula cha kawaida. Wa mimea walipungukiwa na uvimbe na maumivu. Mwaka 2003 Uswidi ilitoa matokeo ya wagonjwa 51. Waliokula mboga nyingi, matunda, kunde, samaki na mafuta ya zeituni kwa wiki 12 walipata nafuu kiasi kuliko wenzao. Tafiti zote mbili ni ndogo, na madaktari hawazitumii kufuta dawa. Muungano wa Ulaya wa wataalamu wa magonjwa haya, EULAR, unashauri hivi: chakula bora ni sehemu ya kuishi vizuri na ugonjwa, lakini mgonjwa aambiwe ukweli kwamba hakuna chakula kimoja kitakachobadilisha sana ugonjwa wake.

Sasa angalieni sahani ile ya Uswidi. Mboga tunazo: managu, saga, terere, sukuma wiki, kunde. Maharagwe tunayo. Tunachokosa mara nyingi ni kuvichanganya. Tunajaza viazi, tunaweka kijiko cha mboga, tunaita chakula. Viazi vibaki, lakini mboga zipande zifike nusu ya sahani, na zisipikwe mpaka zikapoteza rangi. Mwenye goti lililochakaa akipunguza uzito, hata kilo chache, goti hulihisi kila hatua. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya chakula katika viungo, na haiuzwi kwenye chupa.

Dawa nazo zilitoka shambani

Huenda mtu akasema: afisa, unaitukana miti shamba. Hapana. Aspirini ilitokana na utafiti wa kemikali inayopatikana katika gome la mti wa Ulaya. Kolchisini, dawa ya jongo, hutoka katika ua. Tena sumu hiyo hiyo ya kolchisini imo katika ua linaloota sehemu nyingi za Kenya, Gloriosa superba, lenye petali nyekundu na njano kama ndimi za moto. Kiasi kidogo kilichopimwa ni dawa, na kiazi chake kikitafunwa kinaweza kuua. Tofauti iko kwenye kipimo, na kipimo hakionekani kwa macho.

Ndiyo maana ule unga wa shangazi ulikuwa hatari. Daktari alipouona uso wake alishuku kwamba ulichanganywa na steroidi, dawa kali ya hospitali. Steroidi huondoa uvimbe haraka sana. Ikitumika bila kusimamiwa hupandisha sukari na presha, hulegeza mifupa na kujaza uso. Kama unatumia unga wa namna hiyo leo, usiuache ghafla ukajinyamazia, kwa maana mwili unaweza kuanguka. Ubebe, umwonyeshe daktari.

Kwa baridi yabisi yenyewe, dawa inayotangulia mara nyingi ni methotreksati. Humezwa mara moja tu kwa wiki. Narudia: kwa wiki, si kwa siku. Kuimeza kila siku kumeua watu. Mama mjamzito au anayetaka mimba asiitumie, na pombe iwekwe mbali. Dawa hii hufanya kazi kwa kuzuia vitamini iitwayo folati, jina lililotokana na neno la Kilatini la jani, kwa kuwa imo katika mboga za majani. Kwa hiyo daktari huongeza vidonge vya asidi ya foliki ili kupunguza madhara. Wengine huogopa kwamba managu itaua nguvu ya dawa. Usiache mboga, na usiache dawa. Vyote viwili vinakaa nyumba moja.

Jambo lisilosubiri ni muda. Baridi yabisi ikianza kutibiwa katika miezi michache ya kwanza, viungo vingi huokolewa. Ikiachwa miaka, dawa huzuia uharibifu mpya, lakini kilichopinda hakirudi.

Basi tukitoka hapa, tukumbuke haya. Ukiwa na vidole vilivyovimba na kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya wiki sita, nenda zahanati iliyo karibu, uombe upimwe, na ukihitaji barua ya rufaa upewe. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikiwa chekundu na una homa, usingoje hata siku moja. Jisajili na SHA sasa, ukiwa mzima. Kila unachomeza, cha duka au cha msituni, mtajie anayekutibu. Ukidhani chakula fulani kinakuumiza, acha hicho kimoja wiki mbili, kisha kirudishe uone. Usijinyime vyote kwa neno la mtu.

Shangazi yangu anameza dawa yake kila Jumapili jioni. Jembe zito amewaachia wanawe, lakini kuchagua mbegu bado anafanya mwenyewe, kwa vidole vinane vinavyonyooka. Amerudia viazi vyake na managu. Nilipomwambia nitamzungumzia hapa, alinituma niwaambie neno moja: yeye alipoteza vidole viwili kwa kuchelewa, ninyi msipoteze hata kimoja.

Sasa nipo kusikiliza maswali yenu, na nisiyoweza kuyajibu nitayapeleka kwa wanaoweza.